Kwa Nini Bumba la Nyuki Hutua Njiani

Nani huyo aliyerusha jiwe? Wewe? Hebu ulete huo mkono niuone. Mkono mzima, vidole vitano kamili, na kichwani hamna kitu! Nyuki walikuwa wanapita zao, wametua pale kwenye mparachichi wa jirani, hawajamgusa mtu wala mbuzi, nawe unaokota jiwe. Kaeni chini wote. Hayo maharage hayataota miguu, mtayapukuchua baadaye. Mimi Bibi Nanzia nikikasirika husimulia, na leo nimekasirika sawasawa.

Ulikuwako wakati ambapo nyuki hawakujua kuhama. Nyuki aliyezaliwa huku juu mlimani alifia mlimani, na aliyezaliwa kule nyikani alifia nyikani, na hakuna aliyewahi kufika kwa mwenzake hata kusalimia. Huku kwetu vuli ikianza, miti ya msituni huchanua yote kwa pamoja, misinduzi, mizambarau mwitu, na mashambani maboga na maharage, mpaka unashindwa kujua pua uielekeze wapi. Nyuki wa zamani walikula, wakashiba, wakajaza masega, na watu wakarina asali wakanyweshana pombe yake kwenye harusi. Mambo yalikuwa mazuri kabisa.

Kisha kikaja kipupwe. Mnaujua ukungu wetu, ule wa kukaa wiki nzima mtu hauoni mlango wa zizi lake. Maua yakaanguka, nyuki wakajikunyata ndani ya mizinga wakila akiba, na hiyo akiba yenyewe watu walishaikomba! Wakafa. Kila kipupwe walikufa, mizinga mitatu huku, mitano kule, na kila mwaka watu walikwenda msituni kutafuta wengine.

Sasa sikilizeni ajabu hii. Kule chini nyikani, kipupwe ndicho kinachoamsha migunga. Inachanua njano na nyeupe, miiba yote haionekani kwa maua, na upepo wa alasiri unaipandisha harufu yake mpaka huku kwetu. Lakini kiangazi kikikaza, kule hakubaki hata jani, na nyuki wa kule wakafa kwa kiu. Huku wanakufa kwa baridi, kule wanakufa kwa kiu, na katikati yao ni mwendo wa siku moja tu! Jamani, si mambo ya kumtia mtu wazimu hayo?

Basi palikuwa na ndugu wawili, wasichana wa baba mmoja na mama mmoja. Mkubwa aliitwa Namkunda, aliolewa hapa mlimani na bwana mmoja mchonga mizinga jina lake Kajiru. Mdogo aliitwa Naghenjwa, aliolewa kule nyikani kwa wafugaji. Walipendana sana, walikuwa wakicheka mpaka watu wa nyumba ya tatu wanauliza kuna nini. Namkunda hakuwahi kushuka nyikani hata siku moja. Mdogo wake ndiye aliyekuwa akipanda kuja kuwaona.

Siku mama yao alipofariki nyumbani kwa Namkunda, mjumbe alipelekwa nyikani. Mama akazikwa jua likiwa utosini, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa desturi, maiti halazwi nyumbani. Watu wananawa mikono, ndipo Naghenjwa anatokea njiani, jasho linamtiririka, kibuyu cha maziwa kichwani. Namkunda alikuwa amevurugwa na uchungu. Akamwambia mbele ya wanawake wote, "Umekuja kuzika nini? Mama ameshazikwa. Rudi kwenye miiba yako!" Naghenjwa alikitua kibuyu mlangoni, akageuka akashuka, hata maji hakunywa. Ikapita miaka tisa. Mkubwa hakutuma salamu, mdogo hakuleta. Kila mmoja alimlilia mwenzake kwa siri na hakuna aliyefumbua mdomo, kwa sababu kiburi kilikuwa cha baba yao na wote wawili walikirithi.

Mwaka wa tisa kipupwe kilikuja na njaa yake. Mizinga ikanyamaza mmoja baada ya mwingine, na msituni watu walitafuta wasipate nyuki hata wa kuuma. Tangu vuli iliyopita maboga yalikuwa yameshaanza kutoa maua yanayoanguka bila kushika tunda, maana nani angeyatembelea? Ukabaki mzinga mmoja tu mlimani kote, wa Kajiru, uliotundikwa kwenye msinduzi nyuma ya nyumba yake. Wazee wakakaa kikao wakasema hivi, vuli ikifika na hakuna nyuki, tunabomoa nyumba tunatafuta mlima mwingine. Makaburi ya wazazi wetu tutayaacha hapa. Fikirieni hilo! Mlima mzima unautazama mzinga mmoja.

Kajiru alikuwa mtu mwema, lakini wema wake ulikuwa na haraka. Alisema nyuki wanakufa kwa sababu wanatoka nje kwenye baridi. Akachota udongo, akauchanganya na samadi, akaziba tundu la mzinga kama tunavyoziba ghala la mahindi dhidi ya wadudu. Akapangusa mikono, akasema, "Sasa hawaendi popote." Majirani wakampongeza. Hata mimi ningekuwapo labda ningempongeza, maana hofu inamfanya mtu mzima awe mjinga.

Namkunda hakupongeza. Kila asubuhi aliliteremsha lile gogo la mzinga kwa kamba yake, akaweka sikio ubavuni. Siku ya kwanza alisikia mvumo mzuri. Siku ya pili mvumo umepungua. Siku ya tatu ulikuwa mwembamba wa kumtia mtu huruma. Lakini alasiri ya siku hiyo, upepo ulipopanda na harufu ya migunga, lo! Mzinga mzima uliamka. Ulinguruma mpaka kamba ikatetemeka, na kwa ndani akasikia wanakwangua udongo, wanakwangua, wanakwangua.

"Kumbe mnataka kutoka," akasema. "Mnataka kwenda kule."

Na kule alikujua. Wachunga mbuzi walikuwa wameshamwonyesha kutoka ukingoni mwa mlima. Mahali penye migunga mingi kuliko pote, ng'ambo ya korongo la mchanga, ndipo penye boma la Naghenjwa. Mwanamke akakaa chini ya msinduzi akalia kwa hasira. Alisema kwa sauti, "Heri mngetaka kwenda popote pengine! Nyika yote hiyo, mmepachagua pale!" Maana aliona wazi kabisa. Akiwaacha ndani, wanakufa. Akiwafungulia, wanakwenda kwa mtu ambaye yeye mwenyewe alimfukuza, na mtu huyo akiamua kuwazuia asiwarudishe, nani atamlaumu?

Asubuhi iliyofuata Kajiru alipokwenda kukata kuni, Namkunda alitoka jikoni na mwiko wa ugali mkononi. Aliteremsha mzinga. Akapiga udongo kwa mpini wa mwiko, paa! Akapiga tena, paa! Tundu likafunguka.

Hapo ndipo mngekuwapo! Walitoka wuuuu, kama maji yaliyovunja mfereji, wakamzunguka, wakapanda juu ya paa, wakawa wingu linaloimba. Hakuumwa hata na mmoja. Wakaelekea ukingoni, na Namkunda akawafuata mbio, bila kujitanda vizuri, bila kufunga mlango, na mwiko wake mkononi. Angewaachaje? Nyuki wa mwisho wa mlima mzima! Majirani walimwona anapita wakadhani amepatwa na jambo. Mmoja akapiga kelele, "Mama, ugali umekukimbia?" Hakugeuka.

Lakini mtu si nyuki. Mnaijua ile njia ya kushuka nyikani, mawe yanayoteleza, kona juu ya kona. Kwenye mteremko wa kwanza tu aliteleza akakaa kitako, na alipoinuka nyuki hawapo. Kimya. Hakuna mvumo popote. Akaona giza machoni mchana kweupe. Akasema basi, nimewapoteza, mimi kwa mkono wangu nimeuua mlima. Akaendelea kushuka kwa sababu hakuwa na la kufanya, analia, anachechemea, anajipiga kifua.

Akakata kona. Wako pale! Wamejikusanya kwenye tawi la mkenge, wameshikana miguu, wananing'inia kimya, bumba zima kubwa kama kibuyu cha pombe. Wamekaa tu. Namkunda alifika chini ya tawi akihema, akashika magoti, akavuta pumzi. Na pumzi zilipomrudia, nao wakaachana miguu, wakainuka, wakasonga mbele.

Alidhani ni bahati. Lakini kwenye mteremko wa pili aliachwa tena, na mbele akawakuta tawini. Kwenye mto wa kuvuka kwa mawe aliachwa, akawakuta tawini ng'ambo. Mara ya nne hakulia tena, alicheka! Alicheka peke yake njiani mwanamke mzima, akawaambia, "Nakuja, nakuja, msiondoke!" Na hawakuondoka. Hawa ni nyuki ambao hawajawahi kusafiri, njaa inawauma, maua wanayanusa yale pale, na bado wanamsubiri mtu mmoja mzito anayechechemea nyuma.

Jua likapita utosini, naye hajafika nusu ya njia. Akatazama nyuma akaona mlima ulivyo juu, akatazama mbele akaona nyika ilivyo mbali, na miguu inamwaka moto. Ndipo akakumbuka ile siku ya msiba. Naghenjwa aliipanda njia hii, yote, na kibuyu kichwani, na alifika jua likiwa ndiyo kwanza limeanza kugeuka. Mjumbe mwenyewe alikuwa ameondoka usiku wa manane. Ina maana mdogo wake alipopata habari hakukaa hata kidogo, alikimbia. Alikimbia kupanda mlima huu! Namkunda alisimama katikati ya njia akauma mkono wake mwenyewe kwa aibu. Miaka tisa alisema yule amechelewa, na hakuwahi kuuliza njia ina urefu gani.

Alasiri ndipo alipofika mahali mlima unapoishia. Nyuki walikuwa kwenye mti wa mwisho, na safari hii alipofika chini yao hawakuinuka. Mbele kulikuwa na korongo la mchanga, na ng'ambo yake migunga inawaka kwa maua, na katikati ya migunga boma, na uani mwa boma mwanamke anatwanga. Namkunda akangoja. Nyuki wakangoja. Miaka tisa hajalitamka jina lile, na sasa kila mmoja pale anamsubiri yeye.

Basi akaweka mikono mdomoni, akapiga ukunga wa kwetu, ule wa kuitana mlima kwa mlima. "Naghenjwa eeee! Pokea wageni!"

Mchi ukasimama hewani. Naghenjwa akaijua sauti ile, utaachaje kuijua sauti iliyokubembeleza mgongoni? Akaona na bumba linainuka kutoka mtini, linavuka korongo juu kwa juu, linamjia. Mizinga ya mumewe yote ilikuwa mitupu tangu kiangazi kilichopita. Ehee, mngemwona! Alitupa mchi, akakimbia, akachukua mzinga mmoja, akaupaka nta ya zamani ndani upesi upesi, akaupandisha kwenye panda ya mgunga na miiba inamchana mikono, kisha akasogea pembeni. Wakaingia wote, mpaka wa mwisho.

Halafu wale ndugu wakatazamana, huyu huku na yule kule, korongo katikati. Naghenjwa akafungua mdomo. Lakini Namkunda aibu ilimzidi, akageuka akaondoka mbio mbio kupanda mlima, na mwiko wake. Msinicheke. Na nyinyi mnazo aibu zenu.

Huku nyumbani alipokewa na kelele. Kajiru alikuwa amekaa na mzinga mtupu mapajani.

"Umewapa nani nyuki wa mlima mzima?"

"Nimempa mdogo wangu."

"Mdogo wako yupi? Yule ambaye humtaji?"

"Huyo huyo."

Kajiru akashika kichwa. Na kweli, mngemjibu nini? Ukungu ulikaa mwezi, ukakaa wa pili. Wanawake kisimani walinyamaza Namkunda alipofika, na wengine wakaanza kufunga mizigo ya kuhama. Yeye alikuwa na neno moja tu, "Watarudi." Akiwa peke yake hakuwa na uhakika. Ilitosha Naghenjwa aokote bonge la udongo aliweke kwenye tundu, kama alivyofanya Kajiru, na hilo lingekuwa jibu lake la miaka tisa.

Vuli ikaanza. Mvua ya kwanza, ya pili. Msinduzi ukachanua, mizambarau ikachanua, maboga yakatoa maua, na juu yake hakuna kitu, kimya. Wazee wakataja siku ya kuondoka. Ikabaki siku tatu. Ikabaki siku moja.

Asubuhi ya siku yenyewe, watu wameshatoa vyungu nje, mtu mmoja akasema, "Shhh!" Wote wakasimama. Kwa mbali, kutoka upande wa ukingoni, mvumo. Unakuja. Unakuja! Wanawake wakapiga vigelegele, wazee wakatupa mizigo, Kajiru akakimbia huku na huku hajui anakimbilia wapi, na wingu la nyuki likapanda juu ya ukingo, likapita juu ya mapaa, nono, zito, maradufu ya lile lililoondoka. Likatua kwenye tawi la mkenge mbele ya nyumba ya Namkunda. Likajifunga bumba, likatulia.

Na likakaa. Kajiru akaleta mzinga uliopakwa nta mpya, akauweka karibu, hawakuingia. Watu wakaanza kuhangaika, wakasema watatukimbia hawa. Mmoja akawasha majani apate moshi wa kuwasukuma ndani. Namkunda akamnyang'anya kile kijinga cha moto akakizima kwa mguu.

"Acheni!" akasema. "Wanasubiri mtu."

"Mtu gani?"

Namkunda aliingia ndani akachochea kuni, akaweka chungu cha uji jikoni. Watu wakaangaliana. Mlima unataka kuhama, nyuki wananing'inia nje, na huyu anapika uji! Akatoka akasimama mlangoni, akaikazia macho njia.

Jua likapanda. Ndipo kwenye kona ya mwisho kikatokea kitambaa cha kichwa, kisha uso, kisha mwanamke mzima, vumbi mpaka magotini, anahema, anachechemea. Naghenjwa! Alikuwa ameshika kiuno. Alipita uani akasimama mlangoni, pale pale alipokitua kibuyu siku ile.

"Shikamoo dada," akasema. "Nimewafuata mbio tangu jana, lakini nimechelewa."

"Hujachelewa," akasema Namkunda. "Uji ndiyo kwanza unachemka."

Akamkumbatia, wakalia kwa sauti moja kama walivyokuwa wakicheka zamani, mpaka watu wa nyumba ya tatu wakasikia. Na juu ya vichwa vyao bumba likaachana, nyuki wakaingia mzingani mmoja mmoja. Kabla ya jioni walikuwa kwenye maboga.

Na tangu siku hiyo nyuki wa huku kwetu ni wa mlimani na wa nyikani vilevile. Kipupwe kikija wanashuka kwenye migunga, vuli ikija wanapanda kwenye misinduzi, na hakuna mtu anayeziba tundu la mzinga wakitaka kuondoka. Na kila safari lazima watue tawini njiani. Mtaambiwa malkia wao amechoka. Sawa, amechoka, simbishii mtu. Lakini mimi nawaambia wanamsubiri anayefuata nyuma, na ndiyo sababu mlima huu bumba likitua karibu na nyumba, mwenye nyumba halifukuzi wala haulizi ni la nani. Anaweka uji jikoni, anatazama njia.

Mara nyingi hatokei mtu, nisiwadanganye. Mwanangu Mbonea ni mwaka wa sita huu hajapanda mlima, na aliondoka kwa maneno yangu mimi, mdomo wangu huu mnaoujua. Kila msimu nyuki wakitua naweka uji, na kila msimu naunywa peke yangu. Lakini huwa natenga vikombe viwili.